Mfalme wa Nzuki Aliyekaa Kajiado Miaka Saba

Ukitaka kumwona Mwongeli akikasirika, mwambie chesi ni mchezo wa waoga, watu wa kukaa kimya wakisubiri mwenzao achoke. Ataweka makasi chini. Atavuta sanduku la mbao kutoka chini ya cherehani, na kabla hujamaliza kuomba msamaha atakuwa amepanga majeshi yote mawili. Hatua ya pili tu, atakuwa ameshakuwekea askari wake mbele ya mdomo. "Haya, kula," atasema. "Si umesema ni mchezo wa waoga?" Chunga mkono wako hapo. Wengi walikula na wengi wanajuta mpaka leo.

Hapa Kitengela nani asiyemjua? Fundi wa nguo, mlango wa samawati, sare za shule na suti za harusi. Lakini wenye kumbukumbu hawamtaji kwa suti. Wanamtaja kwa mfalme wa baba yake, na wakifika hapo hata aliyekuwa anaenda choo anarudi kukaa, maana hiyo ni hadithi yetu sisi wote.

Baba yake alikuwa Nzuki, mchongaji. Alitoka Wamunyu na patasi nne kwenye mfuko wa unga, akaanza kuchonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii kwenye maduka ya barabara ya Namanga. Siku moja mwenye duka akamletea picha ya vitu asivyovijua: minara, farasi, askofu mwenye kofia, mfalme. Akaambiwa achonge seti kumi. Mzee akakataa. "Siwezi kuchonga mfalme nisiyejua anatembea hatua ngapi," akasema. Kiburi gani hicho cha mtu aliye na watoto! Ikabidi atafutwe fundi mmoja wa mitambo wa kiwanda cha saruji, aliyejua chesi, aje amfundishe jioni baada ya kazi. Fundi huyo alimwachia pia kijitabu kisicho na jalada. Nzuki hakusoma Kiingereza vizuri, lakini picha za ubao alizielewa kama mtu anayesoma nyayo za ng'ombe.

Seti kumi aliuza. Ya kumi na moja alijichongea. Jeshi la weupe lilitoka kwenye mzeituni wa porini, na mfalme wake hakufanana na mfalme wa picha hata kidogo. Alikuwa mzee wa Kikamba ameketi kwenye kigoda cha miguu mitatu, kidevu juu, mikono juu ya magoti, kana kwamba ameambiwa jambo la kipuzi na anangoja lirudiwe. Mkewe, Kamene, alipomwona alicheka mpaka akashika mbavu. "Nzuki, umejichonga mwenyewe!" Mzee akakana. Lakini kila aliyeangalia mfalme kisha akamwangalia mzee alijua.

Katika kijitabu kile Nzuki alipenda ufunguzi mmoja tu, Gambiti ya Mfalme. Mwongeli aliufundishwa akiwa bado shule ya msingi, na leo anaufundisha kwa maneno yale yale. Askari wa mbele ya mfalme, vyumba viwili. Mwenzako naye viwili, wanatazamana. Sasa chukua askari wa jirani, yule wa kulia, mbele ya askofu, msogeze viwili pia, umwache pale pale adui anaweza kumla. Kwa nini? Kwa sababu askari wa adui akimla huyo, ametoka katikati, na katikati ni kwako. Na ile njia uliyofungua ni barabara ya mnara wako. Mfalme wako akishajificha pembeni, mnara unashuka barabara hiyo moja kwa moja mpaka nyumbani kwa adui.

"Lakini umejivua nguo," Nzuki alikuwa akionya. "Ukuta wa mfalme wako uko na shimo. Malkia wa adui akipita hapa pembeni anakupigia cheki ya aibu. Kwa hivyo akishakula, toa farasi kwanza. Farasi anaziba hiyo njia."

Wenye haraka walitoa askofu badala ya farasi. Hiyo nayo ni njia. Malkia wa adui anakuja mbio, cheki, mfalme wako anasogea chumba kimoja na hawezi tena kujificha na mnara wake, lakini baadaye farasi wako anamfukuza yule malkia na unapata nafasi ya kupumua. Na kulikuwa na njia ya vichaa, ya kumtoa farasi mwenyewe aliwe ili jeshi lote limwagike kwa mfalme wa adui. Nzuki aliicheza siku za sikukuu tu, akiwa amekunywa chai tamu.

Basi, sikiliza kwa nini ufunguzi huu ulitupa sifa. Kabla ya chesi, Kitengela tulikuwa watu wa drafti. Kule karibu na machinjio, ubao wa kuchora na vifuniko vya soda, watu walicheza kutwa. Na katika drafti kula ni lazima. Ukiona cha kula na usile, mwenzako anachukua kete yako, anaipuliza kwa dharau, anaitupa nje, na watu wanakuzomea mpaka unatafuta sababu ya kwenda nyumbani. Kwa hiyo walipokuja kwenye chesi, walikuja na mkono wa drafti. Nzuki akiweka askari wake wa bure, wao wanakula! Hawafikirii, wanakula. Chesi haimlazimishi mtu kula hata siku moja, walijua hivyo kwa kichwa, lakini mkono haukuwa na habari. Nzuki aliwachinja wote, kuanzia wauza nyama mpaka mchungaji wa kanisa.

Watu wa miji mingine wakaanza kuja. Hapo ndipo mzee akaweka sheria zake, na zilifuatwa Kajiado yote. Kila mtu anasafiri na jeshi lake. Mgeni anapewa weupe, kwa sababu ni mgeni. Anayeshindwa anamwacha mfalme wake kwa mshindi. Mfalme aliyetekwa harudi kwa kuombwa wala kwa kununuliwa, anarudi kwa kushindaniwa tu kwenye ubao ule ule aliotekwa, na nafasi ya kumgombea ni moja. Ukishindwa tena, amehama kabisa.

Nzuki alikufa mwaka wa tisini na sita, kifua. Hakuwahi kumwacha mfalme wake popote.

Mwaka uliofuata Mwongeli alikuwa na miaka ishirini na minne, anashona mashati kwenye kiwanda cha nguo Athi River, na kichwa kimejaa moto. Alisikia kwamba Kajiado mjini kuna mzee anaitwa Githongo, mwenye duka la misumari na mabati, ambaye amewashinda watu wa Kiserian, Magadi mpaka Illasit, na wafalme wao amewapanga kwenye rafu nyuma ya makufuli. Akachukua sanduku la baba yake akaenda. Hakumuuliza mtu. Hata mama yake aliambiwa tu kwamba anaenda kumtembelea rafiki.

Githongo alimpokea vizuri, lazima tuseme ukweli. Chai, mkate, kiti chenye mto. "Wewe ni msichana wa Nzuki? Baba yako alikuwa mwanaume," akasema, akamtazama yule mfalme wa kigoda kwa muda mrefu.

Mwongeli akasogeza askari wa mfalme. Githongo naye. Mwongeli akatoa askari wa gambiti, akangoja aliwe.

Githongo hakula.

Alitoa askofu wake polepole, akamweka katikati ya ubao, mahali ambapo anachungulia moja kwa moja kile chumba ambamo mfalme wa Mwongeli alitaka kujificha. Basi. Akachukua kikombe chake.

Na Mwongeli akaona chakula. Askari wa Githongo alikuwa amesimama pale katikati, wazi, hana mlinzi, na askari wa gambiti angeweza kumla. Jamani! Baba yake alimfundisha mitego yote ya wanaokula, lakini ya wasiokula hakumfundisha, kwa sababu Kitengela hakuna aliyewahi kukataa. Mkono wa drafti ukaenda wenyewe. Akala.

Malkia wa Githongo akavuka ubao mpaka pembeni. "Cheki." Mwongeli akasukuma askari mdogo kuziba. Malkia akala askari wa katikati. "Cheki tena." Na kutoka pale alipokuwa, malkia yule alimtazama mfalme kwa jicho moja na mnara wa kona kwa jicho la pili. Mwongeli akamtoa malkia wake kumkinga mfalme. Mnara ukaliwa. Chai ilikuwa bado ina moto.

Mengine hayana haja ya kusimuliwa. Githongo alimchukua mfalme wa Nzuki kwa vidole viwili, kwa heshima, akampanga kwenye rafu. "Sheria ni ya baba yako," akasema. "Mimi sikuitunga."

Mwongeli alirudi Kitengela na sanduku lenye jeshi lisilo na mfalme. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Kamene hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mfalme ako wapi?"

"Kajiado, Mwaitu," Mwongeli akasema, kwa lile neno lao la kumwita mama.

Kamene akanyanyuka, akaingia ndani, akachukua tochi ya nyumba. Akaifungua, akatoa betri moja, zile kubwa nyekundu. Akaisimamisha kwenye sanduku, mahali pa mfalme. "Basi huyu atashikilia kiti," akasema, na akarudi kwa maharagwe yake. Hakugomba. Heri angegomba! Tochi ile haikuwaka tena nyumbani kwao, maana betri moja haiwashi kitu, na Kamene alikataa katakata inunuliwe nyingine. "Kuna mtu ameenda kazi," alikuwa akisema wakiuliza. Na kila Krismasi, baada ya chakula, aliuliza swali moja tu: "Mfalme ya baba yako atakula wapi leo?"

Miaka saba mtu asikie swali hilo.

Kwa nini hakwenda kesho yake? Kwa sababu nafasi ilikuwa moja, na Mwongeli alijijua. Hakushindwa na Githongo. Alishindwa na mkono wake mwenyewe. Kabla ya kurudi Kajiado ilibidi aufundishe mkono adabu.

Akaacha kiwanda, akafungua duka lake. Akawa anacheza huku ameshika chaki ya kuchorea nguo kwenye mkono wa kulia, na sheria yake ilikuwa hivi: hagusi kete mpaka ameweka chaki chini. Muda ule wa kuweka chaki ulitosha akili kumfikia mkono. Wateja wakazoea kuona farasi weusi, wa mti wa mwalo, wenye vumbi jeupe mgongoni, na suti moja ya bwana harusi ilitoka na alama ya askofu kifuani.

Mtu wa kucheza naye alikuwa Roda, rafiki yake tangu kiwandani, ambaye alikuja dukani kushona vifungo na kupiga domo. Roda hakujua chesi. Mwongeli alimfundisha kwa sababu moja tu, apate mtu wa kumketisha upande wa Githongo.

"Sasa mimi ni Githongo," Roda akasema siku ya kwanza, akitoa tumbo mbele. "Nipe chai na mkate."

"Toa askofu, wacha mchezo."

Roda akatoa askofu. Mwongeli akaweka chaki chini, akapita juu ya chakula kilichokuwa wazi, akatoa farasi wake wa kulia. Hiyo ndiyo dawa ya asiyekula, aliyoikuta kwenye kijitabu cha baba yake. Farasi akishatoka, malkia hana tena cheki ya pembeni, na sasa ndio yule askari wa katikati anatishiwa kweli. "Na ukiamua kulipa zawadi kwa zawadi," Mwongeli alieleza, "unaweza kusukuma askari wa mbele ya malkia wako vyumba viwili, tugombane katikati. Hiyo ni njia ngumu, lakini Githongo si mtu wa kugombana. Yeye ni mtu wa kutega."

"Basi mimi nalinda askari wangu," Roda akasema, akaleta farasi.

"Kitabu kinasema alindwe na askari mdogo."

"Mimi sijasoma hiyo kitabu. Farasi ako na heshima. Askari mdogo ni nani?"

Mwongeli akala askari. Roda akala kwa farasi. Mwongeli akamla farasi kwa farasi wake. Na Roda, kwa furaha ya mtu asiyejua kinachomngoja, akampeleka malkia pembeni. "Cheki!" Njia ilikuwa wazi tena, kwa sababu farasi aliyekuwa anaiziba ndiye huyo aliyekwenda kula. Mwongeli akasukuma askari mdogo. Roda akala katikati. "Cheki tena!" Mwongeli akamtoa malkia. Roda akala mnara wa kona, akapiga makofi, akaomba chapati ya ushindi.

Mwongeli alikaa akiutazama ubao. Ni mambo yale yale ya Kajiado, hatua kwa hatua, hata uchungu wake ni ule ule kifuani. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Kajiado hakikuwepo. Farasi wake alikuwa katikati, mbele ya malkia wake, na nyuma ya farasi njia ilinyooka mpaka kwa mfalme wa Roda. Farasi akiondoka tu, popote aendapo, malkia anampigia mfalme cheki. Na farasi akiamua kurukia kulia, mahali anapoutishia mnara wa Roda?

Akaweka chaki chini. Akamrusha farasi.

"Kwani umeingia nyuma ya nyumba yangu kufanya nini?" Roda akauliza. "Nakula huyo!"

"Huwezi. Mfalme wako amepigwa cheki na malkia. Toa cheki kwanza."

Roda akaangalia. Askari wake wawili walikuwa wanaweza kumla farasi yule, wamemkabili mshazari, mmoja kila upande, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Alipomaliza kukinga mfalme, farasi wa Mwongeli alikula mnara. Mnara kwa mnara, na farasi mzima juu.

"Haki ya nani," Roda akasema.

Mwongeli alilia pale pale kwenye meza ya kukatia nguo. Hakuna kitabu kilichomwonyesha, wala baba yake. Alikuwa amekiona kwa macho yake mwenyewe, na alijua kingemfaa kwa mtu wa aina moja tu, mtu aliyezoea kuwatega wengine kwa chakula mpaka akasahau kwamba yeye pia ana mdomo.

Kwa nini asiende basi? Alisema anataka mwaka mmoja zaidi wa mkono. Kisha mwingine. Uoga unajua kuvaa nguo za busara, na Mwongeli, kwa ukali wake wote, alimwogopa yule mzee.

Ni Nashipae aliyemtoa. Nashipae aliuza shanga nje ya duka la Githongo, na kila alipokuja Kitengela kununua uzi alisimama mlango wa samawati kusalimia kwa Kimaasai. "Supa, Mwongeli."

"Ipa."

"Githongo anafunga duka," Nashipae akasema, hajakaa hata. Ilikuwa Novemba, elfu mbili na nne. "Anarudi kwao Murang'a mwisho wa mwezi. Jana nilimsaidia kupanga vitu. Wale wafalme wake ameweka kwa katoni. Wa baba yako amefungwa na gazeti."

Gazeti! Mwongeli hakushona kitu siku hiyo. Ubao ukienda Murang'a, sheria ya kushindania kwenye ubao ule ule inakuwa maneno matupu, na mfalme anakuwa pambo la sebule ya watu. Jumamosi ilipofika alivaa suti aliyojishonea, akachukua sanduku, akamchukua Roda. Safari hii alimwambia mama yake anakokwenda. Kamene alifunga kitambaa cha kichwa upya, akasema, "Usile bila kunawa."

Habari zilitangulia. Kwenye baraza ya duka la Githongo kulikuwa na watu kama thelathini, wauza mbuzi, makarani, walimu, na nusu yao watu wa drafti. Mwongeli alipotoa jeshi lake na kusimamisha betri nyekundu mahali pa mfalme, walivunjika mbavu.

"Mama, huyo mfalme anatumia moto?" mmoja akauliza.

"Atakuunguza," Roda akamjibu.

Githongo hakucheka. Alikuwa amezeeka, nywele zimekwisha, lakini mkono wake ulikuwa imara. Akamfungua mfalme wa Nzuki kutoka kwenye gazeti, akamweka pembeni mwa meza ili kila mtu amwone. Kidevu bado kilikuwa juu. Mwongeli akaminya chaki.

"Umekuja kunipima suti, msichana wangu?" Githongo akasema, akiitazama ile chaki.

"Nimekuja kumchukua baba, Mzee."

Askari wa mfalme. Askari wa mfalme. Askari wa gambiti. Na Githongo, kama miaka saba iliyopita, akatoa askofu. Chakula kilikuwa pale katikati, wazi. "Kula!" mtu wa drafti akanong'ona nyuma, hakuweza kujizuia. Mwongeli aliweka chaki chini. Akakipita chakula. Akatoa farasi.

Githongo akainua nyusi. Akafikiri, akafikiri tena, na Mwongeli akaelewa jambo ambalo hakulitegemea: mzee huyu hakuzoea mahali hapa. Waliomjia wote walikula. Alikuwa ameshinda kwa mtego mmoja miaka yote, na mtego ukipitwa alikuwa mgeni kwenye ubao wake mwenyewe. Mkono wake ulielea juu ya askari mdogo, yule wa kitabu. Ukakaa hapo. Akimgusa huyo, mchezo utakuwa wa siku nzima na yeyote anaweza kushinda.

Mkono ukahama. Ukaleta farasi.

Roda alishika mdomo kwa mikono miwili. Mwongeli akaweka chaki, akala. Githongo akala kwa farasi. Mwongeli akamla farasi. Na malkia wa Githongo akatoka mbio mpaka pembeni, na uso wa mzee ukafunguka, maana sasa alikuwa amefika nyumbani.

"Cheki."

Askari mdogo akaziba. Malkia akala katikati. "Cheki tena." Watu wakaanza kutikisa vichwa, wanaukumbuka mchezo ule wa zamani. Malkia wa Mwongeli akajitokeza kukinga betri. Na mnara wa kona ulikuwa pale, umeiva.

Angeweza kufikiri. Tuseme ukweli, angetulia kidogo tu angeona. Lakini alikuwa ameula mnara ule mara moja na ulikuwa mtamu. Githongo akala.

Mwongeli aliweka chaki chini polepole sana. Akamshika farasi wa baba yake, wa mzeituni, akamrusha kulia mpaka ndani ya ukuta wa mzee.

"Cheki," akasema. "Ni ya malkia."

Mkono wa Githongo ulishaanza kwenda kumla farasi, ukasimama hewani. Askari wake wawili walikuwa wamemkabili mshazari, mmoja kila upande, na sheria haikuwaruhusu. Angemrudisha malkia wake kuziba njia, naye angeliwa bure. Akakinga kwa farasi aliyebaki. Mnara wake ukaliwa.

"Wüi!" mtu akasema, kwa Kikamba, huko nyuma ya mbuzi.

Walicheza hatua ishirini zaidi, na Mwongeli hakuharakisha hata moja. Mwisho Githongo alimlaza mfalme wake. Kisha akanyanyuka. Akamchukua mfalme wa Nzuki kwa mikono yote miwili, akampa. Na kwa sababu sheria ni sheria, akampa na wa kwake mweusi. "Baba yako alikuwa mwanaume," akasema. "Lakini hakuwa na huo mkono. Huo ni wako."

Mwongeli alitaka kusema maneno makubwa aliyoyatunga miaka saba. Aliyaacha. Alimfuta mfalme vumbi kwa pindo la suti, akamweka kwenye sanduku. Halafu akachukua ile betri nyekundu, akaisimamisha kwenye jeshi la Githongo, mahali pa mfalme wake mweusi.

"Huyu alishikilia kiti ya baba yangu miaka saba, Mzee," akasema. "Hajawahi kulalamika. Atakutunzia yako."

Githongo aliangalia betri, akaangalia watu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka, cheko la tumbo, mpaka Nashipae akamletea maji. Alikwenda nayo Murang'a, tunaambiwa.

Kitengela, Kamene alikuwa mlangoni, safari hii bila maharagwe wala kazi yoyote mkononi. Mwongeli alipiga magoti, akafungua sanduku mapajani mwa mama yake. Mama akamtoa yule mzee wa kigoda, akampapasa kidevu kwa kidole gumba, machozi yakimtoka bila kuyaficha.

"Na yule mwingine?" akauliza mwishowe. "Wa nyekundu?"

"Nimemwacha Kajiado, Mwaitu. Amepata kazi kwa Githongo."

Kamene akafuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Basi nenda dukani," akasema. "Nunua betri mbili. Nataka tochi yangu."